Baa Zimejaa Lakini Net Zii

Kuna kauongo kamoja simu zetu zimetuchapia tangu kitambo na wasee wengi bado wanakaamini. Ni vile vibaa vya waifai viko huko juu kwa skrini. Vikijaa, unadhani net iko. Vikibaki kamoja, unadhani net imeisha. Zii. Izo baa zinakushow kitu moja tu, simu yako inasikia rauta vipoa ama haisikii. Kama rauta yenyewe iko na net ya kukupea, baa hazijui na hazijai jua. Baa zimejaa na TikTok inazunguka tu ni kama dere na makanga wameelewana, nganya imeng'aa, ngoma inagonga, lakini tanki ni kavu. Tao hamfiki.

Na juu hatujui hii, wengi wetu hurekebishanga mahali hapajaharibika. Net ikihepa, msee anazima simu, anawasha, anaingia setingi anafinya kila kenye kinafinyika. Akikuja kushtuka amefuta paswadi zote, earphone hazishiki tena, na shida ilikuwa tu tokeni za stima zimeisha kwa keja ya jirani mwenye rauta. So kabla uguse chochote, jua kwanza ni nani amelala. Ni simu? Ni rauta? Ni waya ya provaida? Ama ni uko mbali kabisa, chini ya bahari?

Cheki Pipeline, Embakasi, juu uko ndo waifai huonanga maneno. Ploti ni za floo saba, nane, na zimebanana hadi ukikosa chumvi unaeza omba jirani wa ploti ingine kwa dirisha. Faiba inakam hadi kwa ploti, ama provaida anaeka kadishi kwa paa kanashika mawimbi kutoka kwa mnara wake, alafu waya zinashuka na stezi hadi korido. Hapo korido unapata rauta imegongelewa juu ya mlango wa mtu. Ukifuata njia yote kuanzia mkono wako, simu inabonga na rauta kwa hewa, rauta inabonga na provaida kwa waya, provaida anabonga na dunia. Hapo ni mahali patatu pa kukatika, na baa zinakuonyesha pa kwanza peke yake.

Njia ya haraka ya kujua haitaki usomi. Toa kichwa kwa korido uulize, "Wasee, net iko?" Mkiwa wote mnalia, simu yako haina makosa, iwache ipumzike. Kama jirani anacheki mechi bila kukwama na ni wewe tu umelala njaa, basi shida ni yako na tutaitafuta. Ingine ni hii: zima waifai, washa data ya laini hata kama ni ya mbao, fungua ile apu imegoma. Ikifunguka, simu ni nzima. Makosa iko kwa rauta ama nyuma yake.

Alafu kuna taa. Kabokisi ka faiba kako na kataa kameandikwa LOS. Kakiwa kamezima ni poa. Kakiwaka red kakipepesa, ujue mwanga hauingii, waya imekatwa, imekunjwa sana ama imechomoka. Hapo uzime na uwashe rauta hadi batani iishe rangi, hakuna kenye utapata. Pigia provaida uwaambie hivo hivo, "LOS iko red." Utaruka ile hadithi yao ndefu ya umejaribu kuzima na kuwasha.

Kuna shida zingine huvaa nguo za shida ya net na si za net kabisa. Mathe mwenye anapika chapo hapa kona alikam na simu, unga bado iko kwa mikono.

"Kijana, hii simu imekataa. Waifai inashika, WhatsApp inakataa, Google nayo inaniambia mambo ya usalama. Kwani nimeiba nini?"

"Hujaiba kitu, mathe. Ilikuwa imezima?"

"Ilikaa kwa droo tangu Krisi. Nilikuwa na ile ya siste yako."

"Hebu nicheki saa. Mathe, hii simu inadhani tuko 2019."

"Sasa si uirudishe huku kwetu, niko na maoda za watu."

Betri ikikauka kabisa simu inaeza poteza kalenda. Na kila ukurasa wa maana onlaini uko na cheti cha kuonyesha ni wenyewe, na icho cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu ikiwa 2019, inaangalia cheti cha mwaka huu inaona hakijazaliwa, inakikataa. Haikosei, inafuata sheria. Tuliingia setingi za tarehe na saa, tukaweka ijipange yenyewe, tukahakikisha ni saa za Afrika Mashariki, GMT+3. WhatsApp ikamwaga maoda zote hapo kwa hapo. Kama yako inakataa kujipanga juu haina net ya kuuliza saa, andika tarehe na mkono kwanza.

Sasa tukam kwa ile noma yenyewe ya ploti. LOS imezima, saa iko sawa, na bado ikifika jioni net inatambaa. Wasee hulaumu provaida, na saa zingine ni haki yake. Lakini ukiwa kitandani fungua listi ya waifai kwa simu yako ucheki majina. Kwa floo moja ya Pipeline utashuka iyo listi hadi kidole kichoke. Kila jina hapo ni rauta inapiga kelele kwa hewa ile ile unatumia.

Rauta nyingi za keja hutumia masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya 2.4 inafika mbali na inapenya ukuta. Iyo ndo sifa yake, na ndo dhambi yake pia, juu ya jirani inapenya vile vile ikikam kwako. Imekatwa chaneli, huku kwetu 13, lakini hizo chaneli zimelaliana. Moja imeachana na ingine na 5 MHz, na waifai ya kawaida inakula 20 MHz ikiongea. Ukitaka zisikanyagane kabisa unabaki na tatu tu: 1, 6 na 11. Rauta arobaini, njia tatu. Piga hesabu.

Alafu waifai iko na adabu kushinda wasee wa hapa. Kabla rauta iongee, inaskiza. Ikisikia ingine inaongea kwa iyo chaneli, inanyamaza inangoja zamu. Saa tatu usiku kila msee ameshatoka job, huyu yuko YouTube, yule anavuta muvi, mwingine yuko simu ya vidio na dem wake wa Kisumu, na rauta zao zote zinangojana. Ikifika saa nane usiku wamedoz, net inapepea. Provaida hajaguza kitu.

Ndo maana kuzima rauta na kuiwasha husaidianga siku zingine. Nyingi zikiwaka huskiza hewa upya na kujichagulia chaneli. Lakini kama ni rauta yako na uko na paswadi ya kuingia ndani, usingoje bahati. Kwa Android kuna apu za bure za kupima waifai, zinakuchorea kila rauta ni vilima na chaneli iko. Cheki kati ya 1, 6 na 11 ni gani iko na vilima vifupi, ingia rauta kwa brauza, mara mob ni 192.168.1.1 ama 192.168.0.1, iko kwa stika chini yake, uhamie hapo. Usijifanye mjanja ukaweka 3 ukidhani umepata katikati pasipo na watu. Hapo unakanyagana na wa 1 na unakanyagana na wa 6.

Kwa msee wa bedsitter, dawa ni 5 GHz, na sitabishana na mtu juu ya hii. Haipendi ukuta, mawe yanaimaliza, na ndo uzuri wake: za majirani zinafia kwa kuta zao, yako inabaki na wewe. Iko na chaneli mob zenye hazilaliani. Kama rauta iko kwa keja yako na unalala mita tatu kutoka kwake, kukaa 2.4 ni kujitesa bure. Saa zingine rauta inatoa majina mawili na moja inaishia na 5G, ishike iyo. Usiichanganye na 5G ya laini, ile ilianza kuuzwa Kenya Oktoba 2022. Iyo ni ya mnara, hii ni ya keja yako. Kama jina la pili halitokei kwa simu yako na kwa ya jirani linatokea, simu yako haina 5 GHz, na za bei ya chini mob hazina. Hakuna setingi itaileta.

Ka-jambo kengine mtu hakuambii ni maji. Maji hunyonya mawimbi ya waifai, na Pipeline kila keja iko na mitungi imepangwa juu maji ya mfereji haiaminiki. Ukiweka rauta chini ya meza nyuma ya mitungi mitano, umejijengea ukuta. Iweke juu, mahali inakuona. Na usiifiche nyuma ya TV ati juu ya usafi.

Saa zingine simu inashika waifai inabaki tu hapo ikidai inatafuta anwani, dakika baada ya dakika. Iyo ni rauta imeishiwa namba za kugawa, ama imechanganyikiwa. Rauta ya kawaida iko na namba kama 253 hivi za kupea vifaa, zingine zimepangiwa chache zaidi, na ya korido yenye kila mgeni ameshika inaeza zimaliza. Isahau iyo waifai kwa simu, ushike upya. Ikikataa, rauta ndo izimwe.

Tukam kwa vocha. Mtaani wengi hatuna rauta, tunanunua net kwa ashu, kwa mbao, masaa yako yakiisha unarudi. Unashika waifai, inafaa kaukurasa kajitokeze, ulipe na M-Pesa, uingie. Kaukurasa kanagoma. Unaanza kudhani umekulwa doo.

Inafanyanga hivi. Simu ikishika waifai yoyote inatuma kaswali kadogo kwa seva ya Google, ama ya Apple kama ni iPhone, na inajua jibu lenye inangoja. Rauta ya vocha inadaka hako kaswali njiani inarudisha ukurasa wa malipo. Simu ikiona jibu si lile, inajua hapa kuna geti, inakufungulia ukurasa. Lakini wewe ukikosa subira ukaingia brauza na kuandika anwani ya https, iyo safari imefungwa kufuli, rauta haiezi iingilia bila brauza kupiga nduru. So fungua ya http tupu, bila s. Kuna moja inaitwa neverssl.com, ilitengenezwa juu ya hii kazi peke yake. Geti linakufungukia.

Bado? Cheki DNS ya siri. Android ilileta iyo setingi na toleo la 9, mwaka wa 2018, na wasee wengi walieka ya kuzuia matangazo wakasahau kama waliiweka. Ukiwa mbele ya geti la vocha, simu inataka kuuliza kila njia kwa seva yake ya siri, geti nalo linakataa kuipitisha kabla ulipe. Wanabaki wakiangaliana. Irudishe ijipange yenyewe, lipa, alafu uirudishe ukitaka.

Na kuna ile inaumanga zaidi: umenunua vocha ya siku mzima, asubuhi umeingia sawa, mchana rauta inakwambia ulipe tena. Hapa rauta inakujua kwa namba ya simu, si ile ya kupigia, ni ile ya waifai inaitwa MAC. Kuanzia Android 10 ya 2019, na iOS 14 ya 2020, simu hazipeani namba yao ya ukweli, zinatunga ya uongo kwa kila waifai ndo usifuatwe na watu wa matangazo. Ni poa, naiunga mkono. Lakini ukiguza iyo setingi katikati ya vocha, ama uifute simu yote, unarudi ukiwa na namba mpya na rauta inakuona mgeni. Chagua moja ukae nayo hadi masaa iishe. Na weka ile meseji ya M-Pesa, juu mwenye waifai akiwa msee wa ukweli anaeza kukuangalilia kwa mashini yake.

Sasa kuna shida moja ya maboyz, na mnajijua. Net ya bure. Mtu anakutumia kafaili kwa Telegram, unaingiza kwa apu ya VPN, inashika bila bando wiki mbili, alafu provaida anaziba shimo na mambo inaisha. Wewe unasahau. VPN haijasahau. Android iko na setingi ya kuacha VPN iwe imewaka daima, na chini yake ingine ya kuzuia net yoyote yenye haijapitia VPN. Zikiwa zimewaka zote na seva ya kafaili imekufa, simu yako haitapata net ya mtu yeyote, ya bure wala ya kulipa, waifai wala laini. Baa zitajaa na kafunguo kadogo kataonekana huko juu ama hata hakataonekana. Ingia setingi za VPN, zima, futa. Na fikiria kidogo pia ni nani mwenye iyo seva yenye meseji zako zote zilikuwa zinapitia.

Laini ya simu nayo iko na stori zake, na ya kwanza ni ya aibu: bando imeisha. Piga *544# kama uko Safaricom, usome salio, kabla uingie setingi. Ya pili ni laini mbili. Kenya nani hana laini mbili? Umenunua bando kwa moja, data imewashwa kwa ingine yenye haina hata soo. Ya tatu ni APN, na hii hupata wenye wamenunua simu ya ex-UK ama wamebadilisha laini. APN ni kajina simu inapea mnara ndo ipelekwe mahali net iko. Kawaida laini inaileta yenyewe. Ikikosa, utapiga simu, utatuma M-Pesa, na data haitakam. Ya Safaricom ni safaricom, jina la kuingia ni saf, paswadi ni data. Ya Airtel ni internet, na ingine yote unawacha tupu. Andika herufi ndogo, usiache nafasi mwisho, juu hiyo nafasi haionekani na inaua.

Ukinunua simu ya kutoka Marekani, angalia bendi kabla utoe ganji. 4G ya Kenya ilianza Desemba 2014 na sehemu yake iko kwa 800 MHz, watu wa simu huiita bendi 20, na ndo inafika mbali na kuingia ndani ya nyumba. Simu zingine zilitengenezewa Marekani pekee hazina iyo bendi. Zitafanya kazi vipoa tao, alafu uende nazo ushago uone E.

Ile setingi ya ndege, kila mtu anaijua, na inafanyanga kazi kwa sababu. Simu hujiandikisha kwa mnara, na ukitembea inapasiwa kwa mwingine. Saa zingine inang'ang'ania ule wa zamani ama kupasiwa kunakwama nusu. Ukiwasha ya ndege ukahesabu hadi kumi, inaachilia yote. Ukizima inatafuta minara upya na kujiandikisha upya. Ni haraka kuliko kuzima simu, na kwa shida ya laini inafanya karibu kazi ile ile. Ukiona simu inaruka 5G, 4G, 5G, 4G hapo ulipo na betri inapotea, ifungie 4G. Spidi ya 5G yenye haikai ni ya kuonyesha watu.

Wasee wa mat watanielewa kwa hii ingine. Nganya zilianza kubeba waifai enzi za 2014, na simu yako husahau pole pole. Uko steji unabonga na mtu WhatsApp, nganya yenye uliwahi panda inapita, simu inadaka waifai yake, data ya laini inazimwa, nganya inaishia na sauti yako inaishia nayo. Alafu inarudi. Unadhani ni laini mbaya. Ingia listi ya waifai zenye simu inakumbuka, zile za barabarani uziambie zisijishikishe zenyewe.

Bluetooth nitapita nayo mbio. Iko kwa 2.4 GHz pia, so earphone zikikatakata ukiwa waifai, hamia 5 GHz uone. Zikikataa kushika kabisa, mara mob zimeshika simu ya brathe yako kwa chumba kile kingine. Mwambie azime, zifute kwa simu zote mbili, zirudishe kwa keisi yao, uanze upya.

Na kuna siku hata fundi mkali hana kazi. Jumapili ya 12 Mei 2024 ilikuwa siku ya kina mathe, wasee wako tayari kupost picha za mathe zao, na net ikalala Kenya, Tanzania, Uganda na kuendelea. Waya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Februari 2012 ilikuwa karibu zaidi: meli iliangusha nanga mahali haifai hapo Mombasa ikakata waya ya TEAMS. Siku kama izo utajua juu apu zingine zinafunguka na zingine zinagoma, kwa laini tofauti, kwa mitaa tofauti, wote saa moja. Ukishaona hivo, weka simu chini. Meli ya kurekebisha huchukua siku kadhaa.

Ile ya kufuta setingi za netiweki zote ni ya mwisho, si ya kwanza. Haigusi picha, haigusi meseji, wasee huogopa bure hapo. Lakini inabeba kila paswadi ya waifai, kila earphone na spika ya Bluetooth, VPN na APN ulijiandikia. So andika zenye hujui na kichwa kabla ufinye. Kwa Android iko chini ya mfumo, kwa sehemu ya kurudisha upya; Samsung wameificha chini ya usimamizi wa jumla; kwa iPhone iko kwa sehemu ya jumla, chini kabisa.

Kama umefika hapo na bado, cheki batani ya waifai yenyewe. Ikiwa imekufa rangi na haifinyiki, ama ukiingia kwa maelezo ya simu unapata pale pa anwani ya waifai hakuna namba, basi ni chuma imeharibika na setingi hazina lao. Hapo sasa ndo kwa mafundi wa Luthuli. Na kama shida ilianza baada ya kubadilishiwa skrini ama betri, usikubali fundi aanze na bei ya chipu (IC). Ndani ya simu nyingi kuna kawaya kembamba ka antena kenye huchomolewa skrini ikitolewa, na kurudishwa kake ni kufinya tu na kidole. Kaa hapo, simu ifunguliwe ukiiona, na umuulize, "Buda, kawaya ka antena kamerudi?" kabla awashe hita.